Kazi Aliyoiweza Kuliko Watu Wote

Katikati ya msimu wa mwaka 1978, klabu ya Minnesota Vikings ilimtema Alan Page. Chicago Bears wakamchukua kwa dola 100, ada ya kawaida kwa mchezaji aliyeachwa na klabu yake. Miaka saba kabla ya hapo mtu huyohuyo alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi nzima ya futiboli ya Kimarekani, NFL, tuzo ambayo hadi wakati huo haikuwa imewahi kwenda kwa mchezaji wa ulinzi. Kosa lake, kwa maelezo ya kocha Bud Grant, lilikuwa uzito. Amepungua mno, hafai tena kusukumana na majitu ya mstari wa mbele. Na kweli alikuwa amepungua, kwa sababu alikuwa amependa kukimbia masafa marefu. Mwaka uleule wa 1978 alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota, masomo aliyoyafanya huku akicheza.

Kwa msomaji ambaye mpira kwake ni ule wa miguu, niseme kidogo kuhusu kazi ya mtu huyu. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wenye ncha mbili, unaobebwa na kurushwa kwa mkono. Timu moja inasogea mbele hatua kwa hatua, nyingine inaizuia. Page alisimama katikati ya safu ya kwanza ya ulinzi, uso kwa uso na watu wenye kilo 110 na zaidi. Alipaswa kuwapita na kumfikia mpangaji wa mashambulizi kabla hajaurusha mpira, na sekunde alizokuwa nazo hazikuzidi tatu au nne. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 15, mechi 218 mfululizo bila kukosa hata moja. Safu ya Vikings aliyokuwamo, pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, ilipewa jina la Wala Watu wa Zambarau, kwa rangi ya jezi zao na kwa hofu waliyoieneza.

Maisha ya wanamichezo husimuliwa kwa mtiririko tunaoujua. Mtu anafika kileleni, mwili unachoka, anatundika daluga, kisha anatafuta cha kufanya kwa miaka iliyobaki. Kwa Page mtiririko huo haushiki. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 mjini Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma, ambako kijana Mweusi mwenye mwili mkubwa aliijua mapema kazi iliyokuwa ikimsubiri. Alikuwa na miaka minane Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya Brown, Mei 1954, na kuutangaza utengano wa rangi katika shule za umma kuwa kinyume cha katiba. Baadaye amesimulia jinsi hukumu hiyo ilivyomfanya aione sheria kama nguvu inayoweza kubadilisha maisha ya watu kama yeye. Pia alivutiwa na Perry Mason, wakili wa kwenye televisheni, kama walivyovutiwa watoto wengi wa rika lake. Futiboli aliianza baadaye, alipoingia sekondari. Kwa hiyo sheria ndiyo iliyotangulia, na mpira ukaingia katikati.

Hapa ndipo swali linaponishika. Tunaamini, tena bila kujiuliza, kwamba pale mtu anapowashinda wenzake ndipo maana ya maisha yake ilipo. Kwetu imani hii inakaribia kuwa sehemu ya dini. Mtoto akionekana anaujua mpira kwenye kiwanja cha vumbi cha Temeke au Kariobangi, watu wazima humwambia kwamba Mungu amekwisha kumwonyesha njia, na kuiacha itakuwa kuikataa neema. Kipaji kinageuka kuwa amri. Anayekuwa nacho haulizwi tena anataka nini, kwa sababu mwili wake umekwisha kumjibia.

Page aliweza kazi moja kuliko karibu watu wote walioishi zama zake, na kazi hiyo haikuwa kitovu cha maisha yake. Hakuidharau. Mtu hachezi mechi 218 mfululizo kwa kazi anayoidharau. Lakini kadiri miaka ilivyosogea hakuficha kwamba mchezo ulikuwa umeanza kumchosha, kwamba vikao na mikanda ya filamu na mazoezi yaleyale havikumpa tena kitu kipya cha kufikiria. Kwa mashabiki hilo lilikuwa gumu kumeza. Mtu anawezaje kuchoshwa na jambo analoliweza kiasi kile? Mimi nadhani anaweza, na kwamba wanaolipata hilo ni wengi kuliko wanaothubutu kulisema. Ubora ni jambo la kulinganisha, na ili mmoja awe bora lazima mwingine awe nyuma yake. Maana haihitaji mtu wa kuachwa nyuma. Mtu anaweza kuwa wa kwanza mahali ambapo nafsi yake haipo, na akawa wa kawaida kabisa mahali anapojua kwamba amefika.

Katika maisha ya Page mahali hapo palikuwa darasani. Mwanzoni mwa miaka yake ya NFL alijaribu kusoma sheria, na baada ya wiki chache akaacha. Alirudi katikati ya miaka ya 1970, akiwa mtu wa miaka 30, tayari mwenye jina, akaketi na vijana waliotoka moja kwa moja shahada ya kwanza. Sehemu hii naipenda kuliko tuzo zake zote. Jambo alilolitamani tangu utotoni lilimshinda mara ya kwanza, wakati jambo alilokutana nalo njiani halikuwahi kumshinda. Akiwa na sababu zote za kukaa palipokuwa rahisi kwake, alirudi palipomshinda.

Wakati huohuo sheria ilikuwa imekwisha kuingia uwanjani bila kusubiri astaafu. Page alikuwa mwakilishi wa wachezaji wenzake katika chama chao, na jina lake limo miongoni mwa wadai katika kesi ya Mackey dhidi ya NFL. Kesi hiyo ilipinga kanuni iliyopewa jina la kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Mkataba wa mchezaji ulipokwisha na klabu nyingine ikamsajili, kamishna aliweza kuilazimisha klabu hiyo kuilipa fidia ile ya zamani, kwa kiwango atakachokiona yeye. Matokeo yake klabu ziliogopa kusajili, na mchezaji aliyekuwa huru kwenye karatasi hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1975 Jaji Earl Larson wa mahakama ya shirikisho mjini Minneapolis aliamua kwamba kanuni hiyo inavunja sheria za ushindani wa biashara, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikakubaliana naye kwamba ni haramu. Wapenzi wa soka wanaijua hadithi inayofanana nayo. Mwaka 1963 mahakama mjini London iliamua kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle United, klabu iliyokuwa imemzuia kuhama, na Desemba 1995 Jean-Marc Bosman alishinda katika Mahakama ya Ulaya. Nchi tofauti, michezo tofauti, na kila mara mchezaji anauliza swali lilelile: mkataba umekwisha, mimi ni wa nani?

Swali hilo naliona kuwa la kifalsafa kabla halijawa la kisheria. Mchezaji wa kulipwa huuza kitu ambacho wafanyakazi wengi hawakiuzi kwa ukamilifu namna ile. Mwili wake ndio kazi yenyewe, na klabu huupima, huuandika, huupangia mlo, na siku moja huutangaza kuwa haufai kwa sababu umepungua kilo kadhaa. Kidole kidogo cha mkono mmoja wa Page kilitenguka mara nyingi uwanjani hata kikabaki kimepinda upande, kikielekea nje ya kiganja kama tawi. Miaka mingi baadaye, alipokwenda kuzungumza na watoto shuleni, walichotaka kujua kwanza ni habari za kidole hicho. Mwaka 2013 yeye na binti yake Kamie Page, aliyekuwa mwalimu, wakaandika kitabu cha watoto kukihusu. Mwili uliokuwa mali ya klabu ukawa kisa cha kusimuliwa na mwenyewe, na sijui kama kuna uhuru mkubwa kuliko huo kwa mtu aliyeishi kwa kupimwa kwenye mizani.

Mwaka 1979, akiwa bado mchezaji wa Bears, aliajiriwa na ofisi ya mawakili mjini Minneapolis. Alicheza mara ya mwisho mwaka 1981. Kuanzia 1985 alifanya kazi katika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Minnesota. Mwaka 1992 alitaka kugombea kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo, ambako majaji huchaguliwa kwa kura. Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekuwa kwenye kiti hicho, Lawrence Yetka, na uchaguzi ukafutwa. Page akafungua kesi. Kwa kuwa shauri liligusa viti vya majaji wenyewe, lilisikilizwa na majaji walioteuliwa kwa ajili yake, na wakaamua kwamba uchaguzi ufanyike. Akashinda, akaapishwa Januari 1993, mtu Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo.

Lazima niwe mkweli hapa, maana ni rahisi kuifanya hoja yangu iwe safi kuliko maisha yalivyo. Wapiga kura wa Minnesota hawakumjua Alan Page kwa hoja alizoandika katika kesi za ajira. Walimjua kwa Jumapili za uwanjani, na jina lile kwenye karatasi ya kura lilikuwa na uzito ambao hakuna wakili wa kawaida angeweza kuupata kwa miaka 20 ya kazi ya ofisini. Kitu ambacho hakikuwa maana ya maisha yake ndicho kilicholipia maana hiyo. Alipewa umaarufu kwa jambo moja akautumia kwa jambo jingine, na tunaweza kuuliza kama hiyo ni haki. Nimelifikiria sana swali hilo na sioni jibu linaloniridhisha kabisa. Ninachoona ni kwamba umaarufu wa mchezo huisha haraka mno, na wengi huutumia kwa kuurefusha tu, kwa matangazo, kwa viti vya uchambuzi, kwa kusimulia mechi ileile mpaka wasikilizaji wachoke. Page aliutoa wote mahali pengine, kwenye kazi ambayo jina halikusaidii unapokuwa umefungua jalada la kesi saa tano usiku.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo uwanja haukuweza kumpa. Vikings ya zama zake ilifika fainali ya Super Bowl mara nne na kushindwa zote nne, Januari ya 1970, 1974, 1975 na 1977. Page alicheza fainali zote. Kushindwa uwanjani hakuachi kitu zaidi ya matokeo. Mwamuzi akipuliza filimbi hana wajibu wa kueleza, na aliyepoteza hana mahali pa kuandika kwa nini yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mahakamani mambo ni tofauti kabisa. Jaji aliyezidiwa kwa kura anaweza kuandika maoni yake ya kupinga, na maoni hayo huchapishwa pamoja na hukumu, ukurasa kwa ukurasa, sababu kwa sababu. Page aliandika maoni ya namna hiyo mara nyingi, wakati mwingine akiwa peke yake dhidi ya wenzake wote.

Nakaa sana kwenye jambo hili kwa sababu nadhani linaonyesha tofauti iliyopo kati ya kazi hizi mbili. Katika mchezo, ukweli wa siku ni matokeo. Katika sheria, matokeo ni sehemu ndogo, na sababu ndizo zinazoishi. Hoja iliyoshindwa leo kwa kura sita dhidi ya moja inabaki kwenye vitabu. Mwanafunzi anaisoma miaka 30 baadaye, wakili anainukuu, na siku moja mahakama inaweza kuifuata. Kesi ya Brown yenyewe, iliyomgusa Page akiwa mtoto, ilikuwa na mzee wake wa aina hiyo. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, Jaji John Marshall Harlan wa Mahakama ya Juu ya Marekani alipinga peke yake pale wenzake waliporuhusu utengano wa rangi katika mabehewa ya treni. Ilichukua miaka 58 mahakama hiyo kukiri kwamba utengano hauwezi kuwa usawa, na Harlan alikuwa amekwisha kufa zamani. Mtu aliyeshindwa fainali nne anajua kushindwa kusikojibiwa. Nafikiri ndiyo sababu alithamini mahali ambapo mtu anaweza kushindwa akabaki anazungumza.

Na alithamini pia mahali ambapo umri haukuwa adhabu. Akiwa na miaka 33 klabu ilimwona amechakaa. Akiwa na miaka 47 alikuwa jaji mpya. Alichaguliwa tena mara tatu, mpaka sheria ya jimbo inayowataka majaji waache kazi wakifikisha miaka 70 ilipomtoa, Agosti 2015. Mara mbili katika maisha yake aliambiwa muda wake umekwisha, na mara zote mbili hakuwa yeye aliyeamua. Tofauti ni kwamba mara ya pili alitoka kwa kanuni inayomhusu kila jaji, bila mtu kumpima kwenye mizani.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho kwangu kina uzito kuliko mahakama na kuliko tuzo. Page amesimulia kwamba wakati wa kambi ya mazoezi, kocha aliwataka wachezaji wa safu ya ulinzi wasome kwa sauti kitabu cha mbinu, mmoja baada ya mwingine. Baadhi yao hawakuweza. Walikuwa watu wazima, waliopita sekondari na vyuo vikuu vyenye majina, waliolipwa kucheza katika ligi kubwa ya nchi tajiri, na hawakuweza kusoma ukurasa. Kila shule waliyopita ilikuwa imewavusha kwa sababu ya mabega yao. Kipaji kilikuwa kimewaficha. Kadiri walivyokuwa bora uwanjani, ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa kila mwalimu kutazama pembeni.

Hawa ndio wanaonifanya nisiweze kuitumia hadithi ya Page kama hadithi ya juhudi za mtu mmoja. Walikuwa na miili kama yake, walilala kambi moja naye, walivaa jezi moja naye. Yeye alikuwa na kitu cha kurudia kwa sababu alikuwa na wazazi walioweka elimu mbele, mama aliyefariki mapema akiwa amekwisha kulipanda hilo, shule iliyomfundisha kweli, na shahada ya sayansi ya siasa aliyoipata Notre Dame mwaka 1967. Mtu ambaye hakufundishwa kusoma hawezi kuchagua kati ya kipaji na maana, kwa kuwa upande mmoja wa uchaguzi huo umefungwa kabla hajaufikia. Tunapomwambia mtoto hodari wa mpira kwamba vitabu vitasubiri, tunamfungia mlango huo kwa mikono yetu, tena kwa upendo.

Mwaka 1988 Page aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli, ambalo liko Canton, mji aliozaliwa. Alipokuwa kijana alifanya kazi miongoni mwa vibarua waliolijenga. Desturi ni mchezaji kutambulishwa jukwaani na kocha wake wa zamani au mwenzake wa timu. Yeye alimchagua Willarene Beasley, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya North ya Minneapolis, na hotuba yake aliitumia kuzungumzia elimu badala ya mechi. Mwaka huohuo yeye na mkewe Diane Sims Page walianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wa jamii zisizo za Wazungu jimboni humo, na sharti la mfuko huo ni kwamba anayesomeshwa naye awatumikie watoto walio nyuma yake kimasomo. Maelfu wamepita humo.

Novemba 2018 alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima ya juu ya kiraia nchini mwake, wiki chache baada ya Diane kufariki. Wengi wangeridhika na hapo. Januari 2020, akiwa na miaka 74, alisimama pamoja na Neel Kashkari, rais wa tawi la Minneapolis la benki kuu ya Marekani, kupendekeza mabadiliko katika ibara ya elimu ya katiba ya Minnesota. Ibara hiyo ni ya mwaka 1857 na inalitaka bunge liweke mfumo wa shule ulio sawa kwa wote. Wao walitaka isomeke kwamba kila mtoto ana haki ya msingi ya elimu bora ya umma, ili mzazi ambaye mtoto wake amevushwa darasa baada ya darasa bila kujua kusoma aweze kwenda mahakamani na kudai. Chama cha walimu kilipinga kwa sababu zake, baadhi zikiwa nzito, ikiwemo hofu ya kuiachia mahakama mambo ya bunge. Miaka ikapita bila bunge kulipeleka pendekezo hilo kwa wapiga kura, na Page akaendelea kulitetea.